KITI NI CHA CHAMA: SOMO LA KUPOKEZANA UONGOZI



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, mizani ya chai na nyumba za kambini. Safari hii tunaleta somo ambalo mwanzoni litaonekana la mbali. Tutazungumza juu ya chama cha madaktari wa homeopathia, waliokutana katika mji mdogo wa Kijerumani karibu miaka 200 iliyopita. Msomaji atauliza: sisi wachuma chai, wakata miwa na watu wa mashine, tuna nini na madaktari hao?

Tunajibu kwamba tunalo jambo moja nao, nalo ni chama. Chama cha madaktari na chama cha wakata miwa vina wanachama wanaotoa ada. Vina kiti cha mwenyekiti na sanduku la fedha. Na vyote viwili hufika siku ambayo aliyekalia kiti hana budi kuinuka ili mwingine akae. Siku hiyo ndiyo somo letu.

Tumelichagua kwa kuwa tumeyaona wenyewe. Tawi moja la shamba la chai, ambalo hatutalitaja jina, lilikuwa na katibu hodari kwa miaka mingi. Kila mtu alimpenda. Daftari la wanachama lilikuwa nyumbani kwake. Vitabu vya stakabadhi, nakala ya mkataba na barua za mashauri vilikuwa katika sanduku lake, na mengine yalikuwa kichwani mwake tu. Akaugua ghafla, akapelekwa kwao, akafariki huko. Haukupita muda, wenzetu kadhaa wakaachishwa kazi. Kamati mpya ilipotaka kupeleka shauri lao, haikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha walianza kazi lini wala waliahidiwa nini. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyemchukia mwenzake. Hata hivyo shauri lilianguka, na watoto wa wenzetu wale wakatolewa shule kwa kukosa karo. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Haki nayo ni hivyo hivyo.

Basi na tuwatazame madaktari wale. Walikuwa watu wenye elimu kubwa, lakini elimu haikuwaokoa na matatizo tunayoyajua sisi.

1. HOMEOPATHIA NI NINI

Kwanza tufahamu neno lenyewe. Homeopathia ni njia ya kutibu iliyoanzishwa na daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann. Msingi wake ni kwamba kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani, kikitolewa kwa kiasi kidogo kabisa, kitamponya mgonjwa mwenye dalili kama hizo. Dawa huchanganywa na maji, pombe au sukari, ikapunguzwa tena na tena, mara nyingi mpaka mwishoni ya asili haionekani tena.

Hahnemann alizaliwa mwaka 1755 katika mji wa Meissen. Baba yake alikuwa mchoraji katika kiwanda cha vyombo vya kauri, kazi yake kutia nakshi sahani na vikombe vya mezani kwa wakubwa. Kwa hiyo mtu tunayemzungumzia ni mtoto wa fundi wa kiwandani. Alisoma kwa shida, akapata shahada ya udaktari mwaka 1779 katika mji wa Erlangen.

Mwaka 1790 alijaribu juu ya mwili wake mwenyewe gome la mkwinini. Wenzetu wa mashamba ya Kivu wanaujua mti huo, kwa maana wengine wao wameuambua magome kwa mikono yao. Na wazee wa milima ya Usambara wanajua kwamba Wajerumani waliupanda Amani siku za ukoloni wao. Hahnemann alikuwa mzima, na alipolimeza gome hilo akasema ameona dalili kama za homa. Hapo ndipo alipopata wazo lake. Mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon, kilichoeleza kanuni za matibabu hayo.

Hapa hatuna budi kusema wazi, ili msomaji asitoke na jambo ambalo hatukukusudia. Hatuwaambii wafanyakazi watumie dawa hizo. Kwinini iliyotolewa katika gome lile ni dawa ya malaria iliyothibitika, lakini hilo halithibitishi kanuni ya Hahnemann. Mwaka 2015 baraza la utafiti wa afya la Australia lilichunguza habari zilizokusanywa juu ya homeopathia, likasema hakuna ugonjwa ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba dawa hizo zinauponya. Kabla ya hapo, mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilionya watu wasiitegemee kwa malaria, kifua kikuu na UKIMWI. Mwenye homa na aende zahanati akapimwe damu. Sisi tunachojifunza kwa madaktari hawa ni habari ya chama chao.

2. CHAMA KINAZALIWA

Hahnemann alipata wafuasi, akapata na maadui. Katika mji wa Leipzig wauza dawa walimshtaki, kwa sababu alitengeneza dawa zake mwenyewe na kuwapa wagonjwa, akawanyima biashara. Mwaka 1821 akahamia mji mdogo wa Köthen, ambako mtawala wa huko, Duke Ferdinand, alimpa ruhusa ya kutibu na kutoa dawa zake. Wakati huo Ujerumani haikuwa bado nchi moja, bali ilikuwa dola nyingi kubwa na ndogo, kila moja na mtawala wake na sheria zake.

Wafuasi wake walibaki wametawanyika katika dola hizo. Kila mmoja alikuwa peke yake mbele ya wenye mamlaka, kama mfanyakazi asiye na chama mbele ya meneja.

Tarehe 10 Agosti 1829 walikutana Köthen. Siku hiyo Hahnemann alikuwa anatimiza miaka 50 tangu apate shahada yake. Walikuja kumpa heshima, wakamletea zawadi. Lakini hawakuishia katika sherehe. Siku ile ile waliunda chama chao, wakakubaliana kukusanya fedha za kupata hospitali yao wenyewe. Walitaka mahali pa kutibu wagonjwa mbele ya macho ya watu wote na kufundisha madaktari vijana.

Tuangalie sana mwanzo huu, maana ndani yake mna mbegu ya mema na mbegu ya matata. Jema ni kwamba watu waliokuwa mmoja mmoja wamekuwa kundi, na mfuko wa kila mtu umekuwa mfuko wa pamoja. Tata ni kwamba chama kilizaliwa katika sherehe ya mtu mmoja. Tangu siku hiyo likabaki swali ambalo hakuna aliyelitaka kulitamka: chama hiki ni cha nani? Ni cha Mzee, au ni cha wanachama?

Swali lisilotamkwa halifi. Hungoja siku ya shida.

3. VICHWA VIWILI

Siku ya shida haikukawia. Miongoni mwa waliobeba kazi ya chama alikuwa daktari Moritz Müller wa Leipzig. Yeye na wenzake wa mji huo ndio walioshughulikia mpango wa hospitali. Walikuwa wanamheshimu Hahnemann, lakini hawakukubali kila neno lake. Mara nyingine, wakiona mgonjwa yu taabani, walitumia pia njia za madaktari wengine wa siku zile, kama kumtoa damu au kumwekea ruba. Msimamo wao ulikuwa kwamba daktari aliye mbele ya kitanda cha mgonjwa ana haki ya kutumia akili yake.

Hahnemann aliona huo ni usaliti. Kwake yeye, aliyechanganya njia mbili hakuwa mfuasi. Na katika jambo la kutoa damu historia ilimpa haki, kwa maana udaktari wa leo umeiacha desturi hiyo iliyodhoofisha wagonjwa wengi. Kwa hiyo tusidhani kwamba mmoja alikuwa mjinga na mwingine mwerevu. Kila upande ulikuwa na hoja.

Kosa lilikuwa mahali pengine. Hahnemann alikuwa mtu wa miaka 77, yuko Köthen, mbali na kazi za kila siku za Leipzig. Tarehe 3 Novemba 1832 alitoa tangazo kali katika gazeti la mji wa Leipzig, akawashambulia madaktari hao kwamba ni nusu tu ya wafuasi, si wafuasi wa kweli. Hospitali ilikuwa inakaribia kufunguliwa. Wagonjwa walisoma, wenye kutoa michango walisoma, na maadui wa chama walisoma wakafurahi.

Hapo chama kikawa na vichwa viwili. Kimoja kilikuwa cha wale wanaofanya kazi, wanaokusanya fedha na kupanga vitanda. Kingine kilikuwa cha Mzee, ambaye heshima yake ilikuwa kubwa kuliko cheo chochote katika chama. Wa kwanza walikuwa na jukumu, lakini neno moja la Mzee liliweza kubomoa kazi yao. Mzee alikuwa na nguvu hizo, lakini si yeye aliyebeba jukumu la hospitali. Mambo haya mawili yakitengana, jukumu huku na nguvu kule, chama lazima kiyumbe. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi hapa zilikuwa wagonjwa na watoaji wa michango.

Je, sisi hatuyajui haya? Ni matawi mangapi yana mwenyekiti aliyechaguliwa, lakini watu hawamtii mpaka mwenyekiti wa zamani aseme? Mzee yule amestaafu, yuko nyumbani na migomba yake, lakini kila jioni kundi linakwenda kwake kuuliza. Mwajiri naye si mjinga. Akiona vichwa viwili, huzungumza na kile kilicho laini.

4. HOSPITALI YA LEIPZIG

Hospitali ilifunguliwa Januari 1833, licha ya ugomvi. Müller aliiongoza bila kulipwa mshahara. Yafaa tulitambue hilo: aliyetukanwa gazetini ndiye aliyeingia kazini asubuhi bila malipo.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo pande mbili zilikutana, zikaandikiana makubaliano ya amani. Karatasi ilitiwa sahihi, lakini kidonda kilikuwa ndani. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mwaka haujaisha, uongozi wa hospitali ulikuwa umetoka mikononi mwa Müller. Nafasi yake ikashikwa na daktari Schweikert, ambaye Hahnemann alimkubali.

Basi Mzee alishinda. Lakini alishinda nini? Januari 1835, akiwa na miaka karibu 80, alimwoa mwanamke Mfaransa, Mélanie d'Hervilly. Mwezi wa Juni mwaka huo wakahamia Paris. Huko alitibu watu mpaka alipofariki mwaka 1843, wala hakurudi kukaa Ujerumani. Mtu aliyetaka kila jambo la chama lifuate neno lake aliondoka, na chama kikabaki na deni la ugomvi ambao hakukaa kuulipa.

Hatusemi alifanya vibaya kwenda Paris. Kila mtu ana haki ya maisha yake. Tunasema kwamba mtu hupita. Leo yuko, kesho amehama, amestaafu, ameugua au amekufa. Chama kilichotegeshwa juu ya bega la mtu mmoja huanguka siku mtu huyo anapogeuza bega.

Baada ya hapo viongozi wa hospitali walibadilishana upesi upesi. Fedha zilikuwa haba, na madaktari waliokuwa na uwezo hawakutaka tena kukaa katika kiti chenye miiba. Ndipo mwaka 1836 kiti hicho kilipoangukia mikononi mwa daktari kijana aliyeitwa Fickel. Fickel alikuwa na sifa nzuri kwenye karatasi. Baadaye ilifahamika kwamba alikuwa ametoa vitabu kwa majina ya bandia, na ndani yake aliandika majaribio ya dawa ambayo hayakufanyika kamwe. Aliyemfichua alikuwa mmoja wao, daktari Alphons Noack. Aibu hiyo ilikipiga chama kuliko maneno yote ya maadui zake.

Tujiulize: mlaghai aliingiaje? Hakuvunja mlango. Aliukuta wazi. Watu waaminifu walikuwa wamechoka kutukanwa, wakajitoa. Waliobaki walikuwa na haraka ya kupata mtu, hawakumpima. Kiti kinachokimbiwa na wema hukaliwa na yeyote anayepita.

Mwaka 1842 hospitali hiyo ilikoma kulaza wagonjwa. Ilikuwa imeishi miaka isiyotimia 10. Hawakuifunga maadui, wala haikuungua moto. Iliishiwa fedha na imani, na vyote viwili vilianza kuvuja siku viongozi walipokosa njia ya kupokezana kwa amani.

Lakini habari haikuishia hapo. Chama chenyewe hakikufa. Wanachama waliendelea kukutana, mkutano mkuu ukihama kutoka mji hadi mji, na viongozi wakapokezana kizazi baada ya kizazi. Chama hicho cha mwaka 1829 kipo Ujerumani mpaka leo. Hospitali iliyogombaniwa na wakubwa ilikufa, na chama kilichoshikwa na mkutano wa wanachama kikaishi. Hilo ndilo jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo.

5. WENZAO WA MAREKANI

Sasa tuvuke bahari kidogo tuone jinsi wengine walivyofanya. Mmoja wa madaktari waliosoma Leipzig aliitwa Constantine Hering. Alikwenda Suriname, nchi ya mashamba makubwa ya miwa huko Amerika ya Kusini, kisha mwaka 1833 akafika Philadelphia, Marekani. Yeye na Hahnemann waliandikiana barua miaka mingi, lakini hawakuonana uso kwa uso.

Mwaka 1844 madaktari wa homeopathia wa Marekani walikutana New York wakaunda chama chao cha nchi nzima. Hii ilikuwa miaka 3 kabla ya madaktari wengine wa Marekani kuunda chama chao kikuu, mwaka 1847. Hering alichaguliwa kuwa rais wa kwanza. Angeweza kudai kiti maisha yake yote, kwa maana hapakuwa na mtu aliyeheshimiwa kuliko yeye. Lakini wenzake hawakuweka desturi hiyo. Rais alichaguliwa kwa muda mfupi, na mwaka ufuatao mwingine akachukua nafasi. Hering aliishi hadi mwaka 1880, zaidi ya miaka 30 baada ya siku ile. Aliendelea kufundisha na kuandika, na heshima yake haikupungua kwa kuwa hakukaa kitini.

Faida ya desturi hiyo ilikuwa kwamba hakuna aliyeogopa mabadiliko. Kuondoka kwa rais kulikuwa jambo la kawaida kama kubadilishana zamu kiwandani. Anayetoka huacha mashine inakwenda, anayeingia huishika. Na chama kinachozoea sura mpya hujifunza kufungua milango mingine. Mwaka 1871 chama hicho kilikubali wanawake madaktari kuwa wanachama. Kile chama kikuu cha madaktari wengine kilimpokea mwanamke wa kwanza mwaka 1876.

Lakini tusiwapambe kupita kiasi. Mwaka 1880 kundi moja lilijitenga na chama hicho likaunda chao, likidai kwamba wengi wameacha mafundisho safi ya Hahnemann. Ni ugomvi ule ule wa Leipzig, uliorudi baada ya miaka karibu 50. Kwa hiyo kubadilisha viongozi kwa kura peke yake hakumalizi tofauti za imani na siasa. Lakini angalieni tofauti moja. Safari hii chama kikuu hakikuanguka. Waliotaka kwenda walikwenda, waliobaki walibaki na katiba yao, na mkutano wao uliendelea.

6. TUNAJIFUNZA NINI

Tumeona habari. Sasa tutoe mafunzo, tukiyatia katika mavazi yetu wenyewe.

Kwanza: Kiti ni cha chama. Aliyeanzisha tawi, aliyefungwa kwa ajili yake, aliyelala porini siku za mgomo, apewe heshima yote. Aitwe mzee wetu, akaribishwe mkutanoni, aulizwe ushauri. Lakini ushauri si amri. Cheo ni dhamana, na dhamana hurudishwa kwa mwenyewe. Mwenyewe ni wanachama.

Pili: Muda wa uongozi uandikwe, na tarehe ya uchaguzi ijulikane mapema. Uchaguzi unaoitishwa siku ya ugomvi huwa ni ugomvi wenyewe kwa jina jingine. Uchaguzi ambao tarehe yake inajulikana tangu mwaka uliopita huwa ni kazi ya kawaida.

Tatu: Mabishano yaanze ndani ya mkutano. Hatusemi mwanachama afungwe mdomo. Kiongozi akila fedha, na asemwe mbele ya watu. Tunasema kwamba Hahnemann alikuwa na mkutano wa chama, lakini alichagua gazeti la mji. Kwetu sisi gazeti hilo huweza kuwa nyapara, baa ya kambini, au ofisi ya meneja. Siku hizi huweza pia kuwa simu ya mkononi, ambayo hupeleka tusi kambi nzima kabla jua halijazama.

Nne: Anayeingia apimwe. Kusema vizuri si ushahidi. Alipokuwa mjumbe wa kambi, je, alirudisha hesabu? Aliwahi kusimama na mwenzake mbele ya meneja? Fickel alikuwa na karatasi nzuri, lakini hapakuwa na aliyezikagua.

Tano: Anayetoka akabidhi. Hili ndilo lililoangusha tawi lile tulilolitaja mwanzoni. Makabidhiano yasiwe maneno ya kuagana na soda. Yawe kazi ya siku nzima, mbele ya mashahidi, kwa maandishi. Haya ndiyo mambo ya kukabidhi:

(a) Daftari la wanachama, pamoja na tarehe ambayo kila mmoja alianza kazi.
(b) Vitabu vya stakabadhi, vilivyotumika na visivyotumika, vikihesabiwa kwa namba zake.
(c) Kitabu cha benki na fedha taslimu, vikilinganishwa na daftari la mweka hazina.
(d) Mkataba uliotiwa sahihi na mwajiri, pamoja na barua zake zote.
(e) Mafaili ya mashauri yasiyokwisha, kila moja na jina la mhusika na tarehe ya kusikilizwa.
(f) Kumbukumbu za mikutano.
(g) Muhuri wa tawi na funguo.

Yote yaandikwe katika karatasi tatu zinazofanana. Anayetoka, anayeingia na mashahidi wawili watie sahihi zao, au dole gumba kwa asiyejua kuandika. Karatasi moja ibaki kwa anayetoka, ili asije akasingiziwa kesho. Moja ibaki ofisini, na moja ipelekwe makao makuu. Kumbukeni kwamba makabidhiano humlinda anayetoka kama yanavyomlinda anayeingia. Viongozi wengi wazuri wamechafuliwa majina kwa kosa la kuondoka bila karatasi.

Sita: Asiyekuwa kitini asikae bure. Katibu anayetoka awe mwalimu wa katibu anayeingia kwa miezi michache. Amwonyeshe jinsi ya kuandika barua ya malalamiko, jinsi ya kusoma mizani, na ni karani gani wa ofisi ya kazi anayesikiliza. Kisha ajiondoe. Kufundisha ni kazi ya wazee. Kushikilia usukani kwa mkono mmoja huku mwingine ameushika kwa mikono miwili ni kulipeleka gari shimoni.

7. MASWALI YA KUJADILIANA

Twaomba kila tawi lisome somo hili kwa sauti, ili na wale wasiosoma walisikie. Mkae katika vikundi vya watu wachache, mjadiliane, kisha kila kikundi kitoe jibu lake.

1. Katibu wetu akiugua usiku huu, ni nani anajua daftari la wanachama liko wapi? Na likipotea, tunaweza kuliandika upya?

2. Hahnemann alitaka kulinda mafundisho, Müller alitaka uhuru wa kazi. Kama ungekuwa mwanachama katika mkutano wao, ungependekeza nini ili hospitali isiathirike?

3. Katika tawi letu, je, aliye na jukumu ndiye aliye na nguvu? Kama sivyo, nguvu ziko kwa nani, na zilifikaje huko?

4. Ni wanawake wangapi wanachuma chai au wanapakia bidhaa hapa kwetu, na ni wangapi wamo katika kamati? Nini kinawazuia?

5. Mara ya mwisho kiongozi wetu alipoondoka, alikabidhi nini? Ni nani alitia sahihi?

Swali la kwanza na la tano msiyaache mpaka mkutano ujao. Yajibuni kwa kwenda kutazama. Fungueni kabati la tawi mbele ya wajumbe, hesabuni kilichomo, andikeni kilichokosekana. Kama daftari liko nyumbani kwa mtu, na liletwe kwa adabu, bila kumshutumu mtu, maana huenda alilitunza kwa nia njema wakati ofisi haikuwa na kufuli.

Madaktari wa Köthen waliondoka katika sherehe yao na zawadi, hotuba na mfuko wa fedha. Walichokosa ni karatasi moja ya kusema nani ataamua, kwa muda gani, na atampokeza nani. Karatasi hiyo haigharimu kitu. Sisi tunaweza kuiandika Jumapili hii, baada ya mkutano.

Umoja ni nguvu.